Roseville: Mji usiopakana na mto, na wakaazi wanaoulinda

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, upo mji mdogo uitwao Roseville. Unapakana na mji wa Saint Paul, ambao ni makao makuu ya jimbo hilo, na uko karibu kabisa na mji mkubwa wa Minneapolis. Wakaazi wake ni zaidi ya elfu 36. Pembezoni mwa moja ya barabara zake limewekwa jiwe la kuonyesha kwamba hapo ndipo unapopita mstari wa latitudo ya nyuzi 45, yaani katikati ya safari ya kutoka Ikweta kwenda Ncha ya Kaskazini. Msikilizaji aliyeko Nanyuki au Kasese, ambako mstari wa Ikweta unapita, anaweza kupiga hesabu mwenyewe umbali huo.

Roseville ina maziwa madogo, mabwawa, bustani na maduka mengi. Kitu kimoja haina. Haina ukingo hata mmoja wa mto Mississippi, mto mashuhuri kuliko yote nchini Marekani, ambao unapita kilomita chache tu kutoka hapo. Hata hivyo wakaazi wa mji huu wanahesabiwa miongoni mwa watu wenye wajibu wa kuutunza mto huo, na wengi wao wameukubali wajibu huo kwa hiari. Makala haya yanaangalia ni kwa nini, na kwa njia gani.

Kwanza, mto wenyewe. Jina Mississippi limetokana na lugha ya watu wa Ojibwe, wenyeji wa asili wa maeneo hayo, na maana yake ni mto mkubwa. Watu wa Dakota, ambao nao ni wenyeji wa asili wa Minnesota, wanauita kwa jina lenye maana ya mto wa maporomoko. Kwao mahali mto wa Minnesota unapokutana na Mississippi, panapoitwa Bdote, ni mahali patakatifu. Mto huo unaanzia katika ziwa Itasca, kaskazini mwa Minnesota, ambako mtoto anaweza kuuvuka kwa miguu akikanyaga mawe, na unasafiri takriban kilomita 3,700 hadi Ghuba ya Mexico. Mwaka 1988 bunge la Marekani liliitangaza sehemu ya urefu wa kilomita 116, inayopita katika miji ya Minneapolis na Saint Paul na vitongoji vyake, kuwa eneo la hifadhi ya taifa.

Heshima hiyo ilikuja baada ya aibu ya muda mrefu. Kwa miongo mingi miji hiyo miwili ilimwaga maji yake yote machafu mtoni bila ya kuyasafisha. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1926 ulikuta samaki walio hai, katika sehemu ya mto iliyo chini ya miji hiyo, wakiwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Kinyesi kilielea juu ya maji, na matope yaliyooza yalitoa gesi iliyoyafanya yatokote. Mwaka 1938 ndipo kilipofunguliwa kiwanda cha kusafisha maji taka kando ya mto huko Saint Paul, cha kwanza cha ukubwa huo katika mji mkubwa kwenye mto Mississippi.

Kiwanda hicho hakikumaliza tatizo. Mabomba ya zamani yalichanganya maji ya vyooni na maji ya mvua, kwa hiyo kila ilipomwagika mvua kubwa kiwanda kilizidiwa, na mchanganyiko huo ulifurikia mtoni. Baada ya Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972 kupitishwa na serikali kuu ya Marekani, na hasa katika miaka ya 1980 na 1990, miji hiyo ilifukua barabara zake na kuyatenganisha mabomba: moja kwa ajili ya maji taka, jingine kwa ajili ya maji ya mvua. Matokeo yake yalionekana kwa macho. Samaki walirejea. Tai wenye vichwa vyeupe, ndege ambao ni nembo ya taifa la Marekani na waliokuwa karibu kutoweka, walianza tena kujenga viota juu ya miti ya ukingoni.

Lakini utengano huo wa mabomba ulileta jambo ambalo watu wengi hawakulitambua mara moja. Maji ya mvua sasa yakawa na njia yake ya pekee, na njia hiyo haipiti kiwandani. Mdomo wa mtaro ulio pembeni mwa barabara, ule wenye kifuniko cha vyuma, hupokea kila kinachoburutwa na maji: mafuta ya magari, mbolea ya bustani, kinyesi cha mbwa, vipande vya sigara, majani ya miti na chumvi ya barabarani. Vyote hivyo huingia katika bomba, na bomba humwaga katika ziwa, kijito au mto ulio karibu.

Hapo ndipo Roseville inapoingia katika habari hii. Ardhi ya mji huo imeinama pande tofauti. Mvua inayonyesha kaskazini mwa mji hatimaye huingia katika kijito kiitwacho Rice Creek, na kijito hicho humwaga katika Mississippi kwenye mji wa Fridley, juu ya mahali ambapo Minneapolis inateka maji yake yote ya kunywa. Mvua inayonyesha kusini mashariki huingia katika ziwa McCarrons, lililomo ndani ya Roseville, na kutoka hapo husafiri chini ya ardhi kwa bomba kubwa lililochukua nafasi ya kijito cha zamani kiitwacho Trout Brook, hadi mtoni Saint Paul. Sehemu nyingine ya kusini hupeleka maji yake katika ziwa Como, ambalo nalo hutoa maji kwa bomba hilo hilo.

Si hayo tu. Roseville hununua maji yake ya bomba kutoka shirika la maji la Saint Paul, na shirika hilo huyateka zaidi kutoka Mississippi, huko huko Fridley, kisha huyapitisha katika mlolongo wa maziwa kabla ya kuyasafisha. Maji machafu ya nyumbani nayo huenda katika kiwanda cha ukingoni mwa mto. Kwa hiyo mkaazi wa Roseville ambaye pengine hupitisha mwezi mzima bila ya kuuona mto, huunywa kila asubuhi na kuurudishia maji kila anapovuta mnyororo wa choo.

Katika kuishughulikia hali hiyo, Minnesota ina chombo kinachostahili kufahamika. Sheria ya jimbo ya mwaka 1955 inaruhusu kuundwa kwa mamlaka za mabonde ya maji, ambazo mipaka yake haifuati mipaka ya miji au wilaya, bali inafuata jinsi maji yanavyotiririka. Tone la mvua halijui limevuka mpaka wa manispaa, kwa hiyo na mamlaka inayolisimamia haipaswi kusimama mpakani. Mamlaka hizo zina uwezo wa kutunga kanuni, kutoa vibali vya ujenzi unaogusa maji, na kutoza kodi ndogo juu ya ardhi na nyumba. Mji wa Roseville, pamoja na udogo wake, umo ndani ya mamlaka tatu za namna hiyo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mamlaka hizi zinaweza kuundwa kwa ombi la wananchi wenyewe. Mamlaka ya bonde la Rice Creek iliundwa mwaka 1972. Ile ya Capitol Region, inayohusu sehemu kubwa ya Saint Paul na sehemu za Roseville na miji mingine mitatu midogo, iliundwa mwaka 1998 baada ya wakaazi waliosikitishwa na hali ya ziwa Como kukusanya saini na kuwasilisha ombi rasmi. Walikuwa wamechoshwa na mwani wa kijani na harufu ya majira ya joto. Ombi lao lilizaa chombo chenye bajeti, wataalamu na nguvu za kisheria, ambacho mpaka leo kinafanya kazi.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi, na ziwa McCarrons ni ushahidi mzuri. Katika miaka ya 1980 ilijengwa ardhi oevu katika bustani ya Villa Park, Roseville, ili maji ya mvua yapite humo taratibu na kuacha tope na uchafu kabla ya kufika ziwani. Wataalamu walipopima, waliona kwamba ardhi oevu ilikuwa inafanya kazi iliyokusudiwa: maji yaliyotoka yalikuwa safi kuliko yaliyoingia. Lakini ziwa lenyewe halikubadilika kama ilivyotarajiwa. Sababu ilikuwa chini ya maji. Tope la sakafu ya ziwa lilikuwa limehifadhi madini ya fosforasi ya miaka mingi, na kila majira ya joto liliyaachia tena na kuulisha mwani.

Mwaka 2004 ziwa hilo lilitiwa shabu, dawa ile ile ambayo akina mama wengi wa Afrika Mashariki wameitumia kwa vizazi kutuliza maji ya visima na mito yenye udongo. Shabu ilizama hadi chini, ikaifunga fosforasi ndani ya tope, na maji yakawa maangavu zaidi. Mwaka 2020 ziwa Como nalo lilitiwa dawa hiyo hiyo. Hata ardhi oevu ya Villa Park haikuachwa ijitunze yenyewe, kwani ilijaa tope, ikabidi baadaye ichimbuliwe upya kwa gharama kubwa. Somo ni kwamba deni la maji huchukua miaka mingi kulipwa. Anayezuia uchafu leo analipa la leo tu. La jana bado linamsubiri chini ya ziwa.

Ni kwa sababu hiyo kwamba juhudi nyingi zimeelekezwa mahali uchafu unapoanzia, yaani mtaani. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Hamline cha Saint Paul kilianza kujaribu mpango ambao baadaye ulienea katika jimbo zima. Mkaazi anachagua mdomo mmoja wa mtaro ulio karibu na nyumba yake, anaandikisha kwamba ni wake wa kulea, na anaruhusiwa hata kuupa jina. Kuanzia hapo wajibu wake ni kuufagia: majani, takataka, mchanga, hasa kabla ya mvua. Muda unaohitajika ni kama robo saa, mara mbili kwa mwezi. Kila baada ya muda anatoa taarifa ya kiasi alichozoa, na takwimu hizo hujumlishwa pamoja.

Msikilizaji anaweza kujiuliza majani makavu yana ubaya gani, ilhali ni vitu vya asili. Msituni hayana ubaya. Yanaanguka, yanaoza na kuurutubisha udongo. Mjini yanaangukia lami, mvua inayaloweka kama majani ya chai, na maji yenye fosforasi yanashuka mtaroni. Wataalamu wa Minnesota wanakadiria kwamba kilo moja ya fosforasi inaweza kuotesha hadi kilo 500 za mwani. Mwani ukifa unaoza, unakula hewa ya oksijeni iliyomo majini, na samaki wanakosa pumzi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kinaweza kuwa cha heri au cha shari.

Juhudi za wananchi hazikuishia kwenye ufagio. Shirika la kiraia la Friends of the Mississippi River, lililoanzishwa mwaka 1993 na lenye makao yake Saint Paul, limekuwa likiwakusanya watu wa kujitolea kuokota takataka, kung'oa mimea vamizi, kupanda mimea ya asili na kuandika maonyo kando ya midomo ya mitaro kwamba kinachoingia humo kinaelekea mtoni. Wakati huo huo shirika hilo limekuwa likienda bungeni. Mfano mashuhuri ni wa kemikali iitwayo triklosani, ambayo ilitiwa katika sabuni nyingi za kuua vijidudu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walieleza mwaka 2010 kwamba katika tope la mto, sumu za aina ya dioksini zinazotokana na triklosani zilikuwa zikiongezeka wakati dioksini nyingine zilikuwa zikipungua. Baada ya kampeni, Minnesota ilipitisha sheria mwaka 2014 ya kupiga marufuku sabuni hizo kuanzia mwaka 2017, likiwa jimbo la kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2016 serikali kuu ilichukua hatua kama hiyo kwa nchi nzima.

Kabla ya hapo, Minnesota ilikuwa ya kwanza pia kuzuia mbolea yenye fosforasi katika bustani za majumbani. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2002 na kuanza kutumika katika jimbo zima mwaka 2005. Na mwaka 2008, wakati uchumi wa dunia ukiyumba, wapiga kura wa jimbo hilo walikubali wenyewe kujiongezea kodi ya mauzo kwa sehemu tatu ya nane ya asilimia moja, kwa muda wa miaka 25. Theluthi moja ya fedha hizo ni kwa ajili ya maji safi. Asilimia 56 ya wapiga kura waliunga mkono. Si mara nyingi raia huambiwa achague kulipa kodi zaidi akajibu naam.

Pamoja na ushindi huo, lipo tatizo moja ambalo mpaka sasa halina tiba, nalo ni chumvi. Majira ya baridi ya Minnesota ni makali, na barabara hufunikwa na barafu kwa miezi. Ili magari yasiteleze na watu wasivunjike mifupa, chumvi humwagwa barabarani, kwenye maegesho na kwenye njia za waendao kwa miguu. Theluji inapoyeyuka, chumvi inafuata maji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota ulionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya chumvi inayotumika katika eneo la Minneapolis na Saint Paul inabaki humo humo, katika maziwa, udongo na maji ya chini ya ardhi. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua kiasi cha lita 19 za maji hadi kufikia kiwango kinachodhuru viumbe vya majini.

Fosforasi inaweza kufungwa kwa shabu. Takataka zinaweza kuokotwa. Chumvi ikishayeyuka haiokotwi, wala hakuna mji wenye fedha za kuisafisha kutoka katika ziwa zima. Maji yakimwagika hayazoleki, na chumvi iliyomo ndani yake vivyo hivyo. Njia iliyobaki ni kumwaga kidogo. Idara ya jimbo inayodhibiti uchafuzi imekuwa ikiwafunza madereva wa magari ya kumwaga chumvi namna ya kupima kiasi, kutumia maji ya chumvi kabla ya theluji kuanguka, na kutambua kwamba baridi inapozidi, chini ya nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida haisaidii sana hata ikimwagwa kwa magunia.

Hapa ndipo penye mvutano wa kweli. Mwenye duka huko Roseville, mji ambao umejaa maduka na maegesho makubwa ya magari, anaogopa mteja akiteleza atamshtaki mahakamani. Kwake chumvi nyingi ni bima. Kwa ajuza anayekwenda zahanati, chumvi ni usalama wa nyonga yake. Kwa konokono na samaki wa Rice Creek, chumvi hiyo hiyo ni sumu. Hakuna mmoja kati yao mwenye nia mbaya, na kwa sababu hiyo jambo hili ni gumu kulitatua kuliko lile la viwanda vilivyomwaga taka zamani, ambapo aliyekosea alijulikana kwa jina na anuani.

Kuutunza mto kuna upande wa pili, nao ni kuufurahia. Mtu hawezi kukipenda asichokijua. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, shirika la Wilderness Inquiry la Minneapolis, likishirikiana na idara ya hifadhi za taifa na shule za miji hiyo, limekuwa likiwapeleka wanafunzi mtoni kwa mitumbwi mikubwa inayobeba watu kumi. Wengi wa watoto hao wamekulia karibu kabisa na mto na hawajawahi kuugusa. Wanashika kafi, wanapima usafi wa maji, wanawaona tai, na wanarudi nyumbani wakiwa na la kuwasimulia wazazi wao.

Wazazi hao wametoka pande nyingi za dunia. Mtaa wa Cedar-Riverside wa Minneapolis, ambao ni kitovu cha Wasomali wa Minnesota, uko kando ya Mississippi. Wakenya na Waoromo nao ni wengi katika miji hiyo, na Kiswahili husikika madukani na makanisani. Huko Roseville na upande wa jirani wa Saint Paul wameishi kwa miaka mingi sasa watu wa jamii ya Karen kutoka Myanmar, na shirika lao la kijamii lina ofisi zake Roseville. Wengi walizoea mito na uvuvi kabla ya vita na kambi za wakimbizi. Kwao ziwa McCarrons, lenye bustani ya umma na ufuo wa kuogelea, si mandhari tu, bali ni mahali pa kupata kitoweo.

Kwa wavuvi wa namna hiyo usafi wa maji una maana nyingine. Idara ya Afya ya Minnesota hutoa mwongozo wa samaki gani waliwe, kutoka maji gani, na mara ngapi kwa mwezi, kwa sababu baadhi yao wana zebaki au kemikali nyingine mwilini, na anayeangaliwa zaidi ni mama mjamzito na mtoto mdogo. Tajiri anayevua kwa starehe humrudisha samaki majini na kwenda zake mkahawani. Anayevua ili alishe familia ndiye anayebeba gharama ya uchafu wa wengine. Kwa hiyo suala la mto si la wapenda ndege na maua peke yao. Ni suala la haki.

Mfano wa kuutunza mto na kuufurahia kwa pamoja upo mjini Saint Paul. Kijito cha Trout Brook kilizikwa katika bomba zamani, ili kupisha reli na viwanda. Mwaka 2015 ilifunguliwa huko hifadhi ndogo ambamo mfereji mpya umechimbwa juu ya ardhi, ukilishwa na maji ya mvua na ya chemchemi, huku bomba la zamani likiendelea na kazi yake chini. Si mbali na hapo, ardhi iliyokuwa karakana ya reli na kugeuka jaa la taka ilisafishwa kwa juhudi za wakaazi wa mashariki ya Saint Paul, ikafunguliwa mwaka 2005 kuwa hifadhi ya Bruce Vento. Ndani yake limo pango lenye utakatifu kwa watu wa Dakota, ambao leo wana sauti katika uangalizi wake.

Je, yapo mafunzo kwa Afrika Mashariki? Wapo watakaosema kwamba Marekani ni nchi tajiri na mfano wake hauwezi kuigwa. Ni kweli kwamba fedha husaidia. Lakini hata kwa utajiri wake, Minneapolis na Saint Paul zilichukua zaidi ya nusu karne kuurejesha mto uliokuwa umekufa, na gharama ilikuwa kubwa kuliko ambavyo ingekuwa kama wangeuzuia uchafu tangu mwanzo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mto Nairobi na mto Msimbazi wa Dar es Salaam leo viko katika hali ambayo Mississippi ilikuwa nayo takriban miaka mia moja iliyopita.

Wala fikra ya kusimamia maji kwa kufuata bonde si ngeni huko. Sheria ya maji ya Kenya ya mwaka 2002 ilitambua jumuiya za watumiaji wa rasilimali za maji. Tanzania ina mabonde tisa ya maji, kila moja likiwa na bodi yake, na sheria ya mwaka 2009 inazipa nafasi jumuiya za watumia maji. Huko Korogocho, Nairobi, kikundi cha vijana kiitwacho Komb Green Solutions kimegeuza ukingo wa mto uliokuwa jaa kuwa bustani. Tofauti kubwa iko katika mfuko. Mamlaka za Minnesota zinaweza kutoza kodi yao wenyewe na kupanga kazi ya miaka kumi mbele. Jumuiya nyingi za Afrika Mashariki zinategemea moyo wa wanachama na ufadhili wa miradi, na mradi unapokwisha, ukingo hurudia hali yake ya zamani.

Lakini Minnesota nayo ina tarehe yake. Kodi iliyokubaliwa na wapiga kura mwaka 2008 inamalizika mwaka 2034, na isipofanywa upya, sehemu kubwa ya fedha za kupima na kusafisha maji itakatika. Watakaopiga kura wakati huo wengi wao hawakumbuki mto uliokuwa ukinuka. Wao wameukuta una tai na mitumbwi, na pengine watadhani ulikuwa hivyo siku zote. Mafanikio yana hatari hiyo, kwamba yanafuta kumbukumbu ya sababu zilizoyaleta.

Mpaka hapo, kazi inaendelea kwa ngazi ya mtaa. Mwezi Oktoba majani ya miti ya Roseville hugeuka kuwa mekundu na ya manjano, kisha huanguka yote katika muda wa wiki chache. Gari la manispaa la kufagia haliwezi kufika kila barabara kabla ya kila mvua. Kati ya gari hilo na mto Mississippi amesimama mkaazi mwenye reki na ndoo, ambaye hauoni mto kutoka hapo alipo, na ambaye watakaokunywa maji hayo hawatamjua jina.